Siku tano bila umeme: familia yenye vifaa vyote ilikwama wapi

Kisa hiki tumekitunga kwa ajili ya kufundishia. Familia yenyewe haipo, lakini makosa yaliyomo ni yale yale yanayojirudia popote umeme unapokatika kwa siku kadhaa. Tumeipa familia hii vifaa vizuri kwa makusudi. Anayeanza kujiandaa kwa dharura karibu kila mara huanza kwa kununua vitu, na hapa tunataka ionekane wazi jinsi mtu anavyoweza kuwa na vitu na bado akakwama usiku wa kwanza.

Ni watu sita: baba, mama, bibi mwenye kisukari anayetumia insulini, na watoto watatu, mdogo wao ana miaka miwili. Wanaishi ghorofa ya pili katika jengo dogo la familia nne, jumla watu 22. Maji ya bomba huingia kwenye tanki la chini ya ardhi, kisha pampu ya umeme huyapandisha hadi kwenye tanki la lita 2,000 juu ya paa. Mvua kubwa na upepo vikaangusha nguzo za umeme saa 12 jioni. Usiku huo mto ukafurika na barabara inayofika kwenye jengo ikafunikwa. Umeme ulirudi siku ya tano.

Vifaa vyao vilikuwa hivi: katoni moja ya maji ya kunywa yenye chupa 24 za nusu lita, dumu tupu la lita 20, jenereta ndogo ya kilowati 1 na petroli lita 5, tochi mbili za kuchaji, pawabanki moja, mtungi wa gesi wa kilo 6, jiko la mkaa na gunia la mkaa, friza iliyojaa, nafaka na kunde za wiki mbili, na sanduku la huduma ya kwanza. Ukiisoma orodha hiyo haraka utasema hawa wamejiandaa.

Sasa isome tena ukiuliza swali moja kwa kila kitu: hiki kinategemea nini ili kifanye kazi? Maji yanategemea pampu, na pampu inategemea umeme. Choo kinategemea maji hayo hayo. Tochi zinategemea chaji. Simu inategemea chaji na mnara wa mtandao, na mnara nao una betri za saa chache tu umeme ukikatika. Insulini inategemea friji. Pesa iliyo kwenye simu inategemea simu. Nafaka na kunde zinahitaji maji na gesi kabla hazijawa chakula. Nyumba nzima ilikuwa imening'inia kwenye waya mmoja, na hakuna aliyewahi kukaa chini akaufuata waya huo hadi mwisho.

Jambo hili huua. Kimbunga Maria kilipokipiga kisiwa cha Puerto Rico Septemba 20, 2017, gridi nzima ya umeme ilianguka, na kuirejesha kila mahali kulichukua karibu mwaka. Idadi rasmi ya vifo ilikuwa 64 kwa miezi mingi. Mwaka 2018 serikali ya kisiwa ilikubali makadirio ya vifo 2,975, yaliyohesabu pia watu waliokufa katika miezi iliyofuata baada ya upepo kutulia.

Saa ya kwanza

Umeme ulipokatika, watu wote wa jengo waliwasha tochi wakakaa kusubiri. Maji yaliendelea kutoka bombani kama kawaida, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Tanki la paa hushusha maji kwa uzito wake lenyewe bila umeme, kwa hiyo bomba humpumbaza mtu kwa saa kadhaa. Lita 2,000 kwa watu 22 ni kama lita 90 kila mmoja. Kuoga, kuosha vyombo, kufua na kuvuta choo humaliza kiasi hicho kwa siku moja tu. Ukivuta choo chenye tanki la lita 9 mara moja, umemwaga maji ya kunywa ya mtu mmoja ya siku tatu. Kesho yake saa 4 asubuhi bomba lilitoa hewa, likakauka.

Familia ikabaki na lita 12 za chupa. Gawa kwa sita: lita 2 kila mtu, basi.

Kipimo cha kuanzia ni lita 4 kwa mtu kwa siku, yaani maji ya kunywa, ya kupikia kidogo, ya kupigia mswaki na kunawa mikono. Kwa watu sita ni lita 24 kwa siku, lita 72 kwa siku tatu, lita 120 kwa siku tano. Mtu akitaka na kuoga na kufua, kiwango cha Sphere kinachofuatwa na mashirika ya misaada ni lita 15 kwa mtu kwa siku. Kwenye joto kali, kwa mama anayenyonyesha na kwa mgonjwa, ongeza.

Robo saa ya kwanza ndiyo ilikuwa na thamani kuliko vifaa vyote walivyonunua. Umeme ukikatika katika nyumba yenye tanki la juu, kabla hujatafuta tochi ya pili, jaza maji. Anza na vyombo safi vyenye vifuniko kwa ajili ya kunywa: dumu, jagi, sufuria. Kisha ndoo na mabeseni kwa ajili ya choo na usafi. Funga koki ndogo ya tanki la choo ili lisijijaze lenyewe kila linapovutwa. Halafu nenda ukagonge milango ya majirani. Chini ya tanki la paa kuna koki kubwa, na familia nne zikikubaliana kuifunga na kuifungua nusu saa asubuhi na nusu saa jioni, lita 2,000 hukaa siku nne badala ya moja. Mazungumzo hayo ni rahisi tanki likiwa limejaa. Likishakauka huwa ugomvi.

Kulikuwa pia na lita 50 bafuni ambazo hakuna aliyezikumbuka: hita ya maji moto. Zima swichi yake, funga koki inayoingiza maji, fungua bomba la maji moto ili hewa iingie, kisha toa maji kupitia valvu ya chini. Yakishapoa, maji ya mwanzo yenye mashapo yapeleke chooni na yanayofuata yahifadhi. Umeme ukirudi, usiiwashe hita mpaka ijae tena, la sivyo elementi itaungua.

Petroli lita tano

Jenereta ndogo ya kilowati 1, ikibeba mzigo mdogo, hunywa takriban nusu lita ya petroli kwa saa. Lita 5 ni saa 10 hivi. Familia iliiwasha saa 1 usiku kwa ajili ya taa, televisheni na friza, ikazimika yenyewe alfajiri.

Hesabu ya friza ni hii: ikiwa imejaa na haifunguliwi, hubaki kwenye ugandaji kwa saa 48 hivi, ikiwa nusu, saa 24. Friji ya kawaida isiyofunguliwa hukaa salama kwa saa 4. Kwa maana hiyo, usiku ule wa kwanza nyama haikuwa na shida yoyote, na karibu mafuta yote yalikwenda kulinda kitu ambacho hakikuwa hatarini. Chakula cha kuharibika kikikaa juu ya nyuzi 4 za Selsiasi kwa zaidi ya saa 2, kitupe. Usikionje ili kujua.

Asubuhi walipoikumbuka pampu walichangiwa lita 3 za petroli na jirani, wakaunganisha. Jenereta ikanguruma, ikazimika. Pampu ile ni ya wati 750, na kwenye karatasi kilowati 1 inaitosha, lakini mota ya namna hiyo huvuta mara 3 hadi 6 ya kiwango chake wakati wa kuanza kuzunguka. Kwa pampu kama hiyo tafuta jenereta ya kilowati 3 au zaidi, na ijaribu na pampu yenyewe siku ya jua, ukiwa huna shida.

Tena, usichomeke jenereta kwenye soketi ya ukutani ili kuwasha nyumba nzima. Umeme hutoka nje kwenye nyaya za barabarani na fundi anayezitengeneza hupigwa akidhani hazina moto. Tumia waya wa kurefusha moja kwa moja hadi kwenye kifaa, au fundi aweke swichi ya kubadilishia umeme.

Usiku wa pili

Mtungi wa gesi ulikwisha siku ya pili mchana. Hakuna aliyejua ulikuwa umebaki na kiasi gani, ingawa kujua ni kazi ya dakika moja: uzito wa mtungi mtupu umegongwa kwenye chuma chake, upime kwa mizani, utoe tofauti. Gesi ilipokwisha, jiko la mkaa likaletwa kwenye korido ya ndani, kwa sababu nje mvua ilikuwa inanyesha. Jenereta nayo iliwekwa kwenye roshani ili isilowe, mlango wa kioo ukafungwa ukiachwa upenyo wa waya tu.

Saa 8 usiku mtoto wa kati alitapika. Mama kichwa kilikuwa kinamgonga. Bibi alijaribu kuinuka, miguu ikakataa. Wote wakasema ni maji waliyokunywa. Baba akatoka kwenda ghorofa ya chini kumwomba jirani dawa ya tumbo, akasimama ngazini kwenye upepo akiongea, na baada ya dakika kadhaa akagundua kuwa kichwa chake kimepungua kuuma. Aliporudi ndani kikaanza upya. Hapo ndipo alipowatoa wote nje.

Ilikuwa kaboni monoksidi. Gesi hii haina rangi, haina harufu, haichomi macho. Inapoingia kwenye damu hushika himoglobini, yaani kitu kinachobeba oksijeni kwenye damu, kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na mwili hukosa hewa huku mtu anapumua vizuri tu. Wengi hujipa moyo kwamba mkaa umekolea na hautoi moshi. Mkaa mwekundu usio na moshi bado unaitoa gesi hii kwa wingi, na kufungua dirisha moja hakutoshi.

Dalili zake ni maumivu ya kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, uchovu na kuchanganyikiwa, ndiyo maana hufananishwa na mafua au chakula kibaya. Kuna mambo matatu ya kuitambulisha: inawapata walio ndani wote kwa wakati mmoja, hakuna homa, na mtu hupata nafuu akitoka nje. Ukiona hata mawili kati ya hayo na kuna moto au injini karibu, toka. Watoe watu wote kwanza, wahesabu mkiwa nje, ndipo mshughulike na chanzo. Piga namba ya dharura. Aliyepoteza fahamu, mjamzito, mtoto na mzee wapelekwe hospitali hata wakionekana wamepona. Na usiamini kile kipimo kidogo cha oksijeni cha kubana kidoleni: hakitofautishi damu iliyobeba oksijeni na iliyobeba kaboni monoksidi, kitakuonyesha namba nzuri wakati mtu anaelekea kufa.

Jenereta ikae angalau mita 6 kutoka kwenye mlango au dirisha lolote, lako na la jirani, bomba la moshi likielekea mbali na nyumba. Roshani si nje. Kwa maoni yetu, mtu anayeishi ghorofani bila eneo la kuiweka chini kwa umbali huo asinunue jenereta kabisa. Fedha hiyo aiweke kwenye betri kubwa ya kuchaji na paneli ya jua. Na anayemiliki jenereta, jiko la mkaa au hita ya gesi anunue king'ora cha kaboni monoksidi kinachotumia betri, akiweke karibu na vyumba vya kulala. King'ora cha moshi hakifanyi kazi hiyo. Baridi kali ilipozima umeme wa mamilioni ya nyumba jimbo la Texas, Marekani, Februari 2021, watu walikufa kwa gesi hii wakitafuta joto kwa mkaa, jenereta na magari yaliyowashwa ndani ya gereji.

Maji ya siku ya tatu

Kulipokucha chupa zilikuwa zimekwisha. Tanki la chini ya ardhi bado lilikuwa na maji, wakayateka kwa ndoo na kamba. Mafuriko yalikuwa yamepita juu ya mfuniko wake, na maji yalitoka na ukungu wa tope. Baba akamimina kwenye dumu kifuniko kimoja cha jiki (dawa ya klorini ya kung'arishia nguo) yenye manukato, akatikisa, watu wakanywa papo hapo. Siku ya nne mtoto mdogo alianza kuhara.

Katika tendo lile moja kulikuwa na makosa manne. Maji hayakuchujwa, dawa haikuwa ya aina inayofaa, kipimo kilikuwa cha kukisia, na muda haukusubiriwa. Kila kosa lina sababu yake. Klorini hutumika kuunguza tope na uchafu kabla haijawafikia vijidudu, kwa hiyo maji machafu huimaliza dawa. Manukato na viungo vya kusafishia havifai kunywewa. Na hata kipimo kikiwa sahihi, klorini huhitaji muda ili iue.

Fanya hivi. Acha maji yatulie mpaka tope lizame, mimina ya juu taratibu, yapitishe kwenye kitambaa safi cha pamba kilichokunjwa mara kadhaa. Tafuta jiki ya kawaida isiyo na manukato na usome kwenye lebo asilimia ya sodiamu haipokloraiti, yaani klorini iliyomo. Ikiwa ni 5 hadi 6, weka matone 2 kwa kila lita. Kwa dumu la lita 20 ni matone 40, sawa na mililita 2 kwenye bomba la sindano lisilo na sindano, nalo ni bora kuliko kuhesabu matone gizani. Ikiwa ni asilimia 3.5, matone 3 kwa lita. Ikiwa ni asilimia 1, matone 10. Maji yakibaki na ukungu baada ya kuchujwa, weka mara mbili. Koroga, funika, subiri dakika 30. Ukinusa lazima upate harufu hafifu ya klorini. Usipoipata, rudia kipimo kile kile na usubiri dakika 15 zaidi. Ikikosekana tena, maji hayo tafuta mengine. Jiki nayo huzeeka, kwa hiyo andika tarehe ya kununua kwenye chupa na ubadilishe kila mwaka.

Kuchemsha ni bora zaidi ukiwa na gesi, kwa sababu kuna vimelea vya kuhara, kama kriptosporidiamu, vinavyoistahimili klorini. Maji yakitokota kwa nguvu dakika 1 yanatosha. Juu ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, dakika 3. Kwa jiko la kawaida, lita moja hadi kuchemka hula takriban gramu 15 za gesi. Lita 24 za siku moja ni gramu 360. Mtungi wa kilo 6 ukiwa umejaa ungewachemshia maji ya siku zaidi ya 15, lakini wao gesi iliyokuwa imebaki waliitumia kuivisha kunde kavu kwa saa nyingi siku ya kwanza.

Kuna maji ambayo hayaponi kwa njia zote mbili. Yakinuka petroli, mafuta au dawa za mashambani, kuchemsha hakuondoi sumu na klorini haifanyi lolote. Hayo ni ya choo.

Kwa mtoto anayehara, pakiti za dawa ya maji na chumvi zingekuwa ndani ya lile sanduku la huduma ya kwanza, lakini hazikuwamo. Likijaa plasta na bandeji halisaidii chochote kwa kuhara, ambako ni tatizo la kawaida zaidi wakati maji yamekatika. Kukiwa hakuna pakiti, changanya lita 1 ya maji salama na vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa juu. Usizidishe chumvi. Mtoto wa miaka miwili hadi kumi anywe mililita 100 hadi 200 kila baada ya kuhara. Aliye chini ya miaka miwili, 50 hadi 100. Akitapika, subiri dakika 10 kisha mpe taratibu kwa kijiko. Macho yakizama, akiacha kukojoa, akilegea, akishindwa kunywa au kukiwa na damu, hiyo si kazi ya nyumbani tena.

Insulini na mengine

Siku ya pili mama aliona friji imepata joto, akahamishia chupa mbili mpya za insulini kwenye friza na kuziegemeza kwenye barafu iliyobaki. Ziliganda. Insulini iliyoganda imeharibika hata ikiyeyuka na kuonekana safi. Kinachosikitisha ni kwamba haikuwa hatarini: insulini ambayo haijafunguliwa hutunzwa kwa nyuzi 2 hadi 8, lakini aina nyingi hustahimili nje ya friji, chini ya nyuzi 30, kwa hadi siku 28. Kabati lenye kivuli lingetosha kwa siku zote tano. Mahali penye joto zaidi, zifunge kwenye taulo na kuziweka pembeni ya barafu bila kugusana nayo. Soma karatasi ya dawa yako leo, maana aina hutofautiana. Dawa yoyote ya kila siku iwe na akiba ya wiki mbili, na kipimo chake kiandikwe kwenye karatasi ambayo mtu mwingine anaweza kuisoma mgonjwa akishindwa kuongea.

Choo bila maji: ndoo mbili, moja ya mkojo na nyingine ya kinyesi, ya pili ikiwa na mifuko miwili iliyopachikwa pamoja. Kila baada ya kutumia, mwaga kikombe cha majivu au maranda ya mbao, funika. Kutenganisha mkojo ndiko kunakopunguza harufu na ujazo. Sabuni na chombo cha kunawia vikae pale pale.

Tochi za kuchaji zilikufa usiku wa kwanza. Chukua tochi za kuvaa kichwani zinazotumia betri za kawaida, betri zikae nje ya tochi ili zisivujie ndani. Mishumaa iache, nyumba isiyo na maji ya kuzimia moto si mahali pa mshumaa.

Pawabanki ya mAh 10,000 (mAh ni kipimo cha chaji) haikupi 10,000. Kiasi kinachofika kwenye simu ni kama 6,000 hadi 6,500, kwa hiyo simu kubwa huchajika mara moja na ushee. Simu moja iwe ya familia, nyingine zizimwe. Tuma ujumbe mfupi badala ya kupiga. Ujumbe hupenya hata mtandao ukiwa umejaa. Namba za watu muhimu ziandikwe kwenye karatasi, akiwemo ndugu mmoja anayeishi mbali ambaye wote mtampa taarifa. Redio ndogo ya betri itakuwa inaongea wakati simu zimeshanyamaza.

Siku ya tatu jirani mmoja aliwasha gari ili apite barabara iliyofurika. Alizuiwa, na walimzuia kwa haki. Maji yanayotembea ya sentimita 15 humwangusha mtu mzima, sentimita 30 huyabeba magari madogo, sentimita 60 hubeba magari mengi, na chini ya maji huoni kama barabara ingalipo.

Kupanga upya

Familia ile ile ikianza upya haihitaji vitu vingi zaidi. Inahitaji karatasi moja yenye safu tatu: kitu, kinategemea nini, na mbadala usiogusa utegemezi huo. Maji: mbadala ni madumu yaliyojaa. Mwanga: betri za kawaida. Chakula: vitu vya kuliwa bila kupika kwa siku tatu za mwanzo, takriban kalori 2,100 kwa mtu kwa siku, nafaka na kunde zikisubiri nyuma. Pesa: taslimu ya noti ndogo. Pale ambapo safu ya tatu inabaki tupu, hapo ndipo pa kuelekeza fedha.

Kununua kufuate uharaka wa madhara. Maji yanatangulia: madumu manne ya lita 20 ni lita 80, yanayotosha watu sita kwa siku tatu na ziada kidogo. Yawe madumu ya chakula. Lililowahi kubeba petroli, kemikali au maziwa halifai, hata ulioshe vipi. Osha kwa sabuni, suuza, kisha changanya jiki kijiko kidogo kimoja kwa kila lita ya maji, tikisa ili iguse kila upande, subiri nusu dakika, mwaga, acha likauke. Jaza, andika tarehe, liweke sakafuni gizani mbali na petroli. Yabadilishe kila baada ya miezi 6. Kila dumu lililojaa lina kilo 20, hivyo usiyapange juu ya rafu.

Baada ya maji kinafuata king'ora cha kaboni monoksidi, kisha dawa, kisha mwanga na redio. Jenereta iko mwisho wa orodha, na kwa familia hii ya ghorofani haimo kabisa. Tunajua hicho ndicho kitu watu hukimbilia kwanza.

Karatasi ikishaandikwa, ijaribuni. Chagueni siku ya mapumziko, zimeni swichi kuu saa 12 asubuhi, fungeni koki ya maji, mkae saa 24. Friji na friza zisifunguliwe. Kama kuna mtu ambaye dawa yake inategemea umeme, mwacheni nje ya zoezi. Andikeni saa na kitu kila mnapokwama: nani alitaka nini, kilikuwa wapi, kilikwisha lini. Pimeni maji yaliyotumika kwa lita, kwa sababu watu wengi hukuta wametumia karibu mara mbili ya walivyodhani, hasa kwenye kuosha vyombo na kunawa. Zoezi lirudiwe siku ile ya kubadilisha maji ya madumu, na mara hii ya pili wanaoanza kutafuta tochi na koki gizani wawe watoto, wakubwa wakiwa wamekaa bila kuwaelekeza.